Moto wa Honora Considine

Honora Considine hakuwahi kuwasha moto mpya nyumbani kwake. Moto wa mekoni aliukuta alipoolewa, na mama mkwe wake aliukuta vilevile. Kila jioni alifukia makaa chini ya jivu, asubuhi akayafukua. Kwetu mkoani Clare nyumba iliyozimika moto ilihesabiwa haina mwenyewe, na makabaila walilijua hilo vizuri kuliko padri.

Mwanawe wa pekee, Murty, alikuwa polisi huko Mayo, mkoa mwingine. Serikali haikumweka polisi kwao, asije akamwonea mtu haya. Honora alijivunia bunduki ya mwanawe, nasi majirani, tuliojua bunduki hizo hutumika kuwatoa watu majumbani, tukanyamaza. Nikikumbuka kunyamaza kule, najichukia.

Mwaka 1886 viazi vilioza, kodi ya shamba ikamshinda Honora. Wakaja polisi ishirini na bunduki zao kumtoa mjane mmoja. Ishirini! Sajini akamtuma kijana mmoja, Lavelle, aingie azime moto.

Nilikuwa mlangoni. Kijana alisimama na ndoo ya maji.

"Kwenu wapi, mwanangu?" Honora akamuuliza.

"Mayo, mama."

"Basi utakuwa unamjua Murty wangu! Murty Considine, polisi hukohuko."

Lavelle akainamisha kichwa. "Mama yangu aliniandikia jina lake. Ndiye aliyemzimia moto, mwezi wa tatu."

"We Lavelle!" sajini akafoka kutoka nje. "Umelala humo? Mwaga maji!"

Honora akamnyang'anya ndoo. "Lete hapa. Mamako asije akaambiwa ni wewe."

Akamwaga mwenyewe. Moshi ulipotulia akaokota kaa moja lililolowa, akalifunga kwenye leso. Wale wanaume wenye bunduki wakatupisha njia kwa adabu, eti adabu! Hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo.

Alihamia kwangu. Lile kaa alimtumia Murty huko Mayo kwa posta, bila barua.

Baada ya wiki tatu Murty akatokea kwa miguu, hana koti la polisi, kaa liko mfukoni. Alinyoosha mikono amkumbatie mama yake. Mama hakuinuka kitini.

"Umezima mingapi?"

"Mama, nilikuwa naamriwa tu."

"Nimekuuliza mingapi, Murty."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, akiwataja wenye nyumba mmoja mmoja kwa majina. Vidole vyote kumi vikaisha, akarudia mkono wa kwanza.