Koleo Lisilo na Meno

Simu ya msiba ilinikuta sokoni nikibishana bei ya maharage. Aliyepiga alikuwa mpwa wa marehemu, mtu asiyejua kuzunguka. "Mwalimu, mzee ametutoka. Tumeshamzika jana." Ninyi mnaonisoma hapa mmezoea kuniona nikiwalilia wakubwa, basi leo mnivumilie kidogo, maana huyu hakuwa mkubwa wa chochote. Alikuwa sonara, baadaye akawa mziba ndoo, na jinsi alivyotoka kwenye kazi ya kwanza akaangukia ya pili ni jambo lililonikaa kooni tangu ujana wangu. Nilipanda basi kwenda Mugumu nikafika siku ya kumaliza matanga. Njia nzima nilikuwa nikiisubiri huzuni, na kila nilipojipekua nilikuta hasira.

Nilimfahamu katika miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipopangiwa kufundisha huko nikitokea Kondoa. Yeye alikuwa na kibanda chake pale Mugumu mpaka ilipokuja amri ya kuhamia vijijini, akahamishiwa kijiji kimoja njia ya Morotonga, karibu na shule yetu. Baba yake alikuja na biashara kutoka pwani, lakini yeye alizaliwa hukuhuku, akazungumza Kikurya na wateja na Kiswahili na mkewe. Aliwatengenezea Waislamu na Wakristo pete za ndoa, hereni na bangili za fedha, na wenyeji wengine vikuku vya shaba. Msidhani namsifia kwa kuwa amekufa. Alikuwa mbishi, mwenye ulimi mkali, na bahili wa sukari kiasi kwamba alikuuliza kama unaitumia kwa sauti ambayo ilikulazimisha kusema hutumii. Mimi nilimwendea kwa sababu mwalimu mkuu alitaka wanafunzi wajifunze kazi ya mikono, na mimi ndiye niliyeambiwa nitafute kazi yenyewe.

"Shikamoo, fundi," nilimwambia. "Marahaba. Umekuja kujifunza au umekuja kutazama?" Nilisema kujifunza, nikinyoosha shingo kuangalia kipande cha fedha kilichokuwa mbele yake. Akanitupia waya wa shaba uliopindapinda na koleo la mdomo bapa. "Nyoosha huo." Niliunyoosha siku hiyo, na kesho yake akanipa mwingine. Vyombo vyake vyote viliingia katika mfuko mmoja wa turubai, naye alisisitiza kwamba anayeanza hahitaji zaidi ya hivyo: koleo la mdomo bapa la kunyooshea, la mdomo wa duara la kukunjia, na la kukatia, nyundo ndogo, tupa, msumeno mwembamba, fuawe ya kupigia, na chuma cha kuviringishia pete, kilichochongoka kama pembe ya ng'ombe. "Vingine ni mbwembwe," alisema. Lile koleo bapa alilinunua likiwa na meno kama koleo lolote la dukani, kisha akalipiga tupa jioni baada ya jioni mpaka mdomo ukawa laini kama ukucha. "Meno ya nini? Fedha ni laini. Ukiing'ata inaumia, na kidonda chake hakifichiki." Uso wa nyundo aliusugua kwa majivu na ngozi hadi ukang'aa. Mkewe aliwahi kuiazima apigilie msumari wa kamba ya nguo, na hawakusemeshana mpaka Ijumaa.

Ndipo akaja ofisa kutoka wilayani. Alikuwa kijana wa rika langu, naye kaletwa kutoka mkoa mwingine, hanywi pombe wala hali rushwa. Nayasema haya kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mwizi. Alikuja kuanzisha kikundi cha ufundi, na mkutanoni alieleza vizuri kwamba zana zikishikwa na mtu mmoja, wengine wote watageuka vibarua wake. Mtu akapendekeza vyombo vya sonara viwekwe ghalani. Ofisa akakataa, akasema mwenye ufunguo naye atageuka bwana mkubwa. Shauri lake lilikuwa kila mwanakikundi ashike chombo kimoja, ili asiwepo atakayeweza kufanya kazi bila wenzake. "Hapo ndipo umoja unapokuwa nguvu, ndugu zangu." Watu walipiga makofi, na kwa kweli maneno yalipendeza. Nilinyoosha mkono nikasema sonara hubadilisha koleo kila dakika, kama mpishi anavyoshika mwiko, mara kisu, mara mfuniko. Tukiwapa watu tofauti, pilau haitaiva. Mwenyekiti wa kijiji akanikatiza. "Mwalimu, wewe fundisha watoto. Haya ni ya wenye kijiji." Sonara mwenyewe aliuliza swali moja tu: "Na mimi nitashika nini?" Wakamwambia achague, akachagua nyundo.

Wanakikundi walikuwa wakulima na wafugaji, watu wema waliopewa vitu wasivyoviomba. Mmoja alihamisha ng'ombe wake kwenda Issenye na fuawe ikaenda naye. Chuma cha pete kilichomekwa ardhini kikafungiwa mbuzi, tupa ikanoa majembe, na msumeno ukakatika kwenye mfupa siku ileile ulipogawiwa. Kikundi hakikukutana hata mara moja. Kisha mke wa mfanyabiashara mmoja wa Mugumu akaja na fedha aliyorithi kwa mama yake, akitaka bangili za bintiye anayeolewa, na sonara akatoka kwenda kuazima vyombo vyake nyumba kwa nyumba. Nilifuatana naye kwa mzee wa Kikurya aliyegawiwa lile koleo bapa. Mzee alitupokea kwa furaha, akatupa viti na togwa, kisha akaingia ndani akalileta mwenyewe kwa mikono miwili.

"Mura, hii koleo yako ilikuwa imeisha kabisa," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Haina meno hata moja. Mimi nimeipeleka kwa mhunzi, ameichonga meno mapya. Sasa ukishika msumari nayo, huo msumari unatoka tu." Sonara alipitisha kidole gumba mdomoni mwa koleo, taratibu, kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa nasubiri ule ulimi wake, maana nilimjua. Mzee alikuwa anatabasamu, akisubiri kusikia amefanya vizuri. "Asante sana, mzee," sonara akasema, akaliweka mfukoni, tukamalizia togwa. Tupa aliyoikuta kwa mwenzake haikuwa tena na makali ya kuyaondoa yale meno, kwa hiyo akaufunga mdomo wa koleo kwa kitambaa na kuanza kazi. Kitambaa kiliteleza. Siku ya kukabidhi, mama wa bibi harusi alizigeuza bangili juani, akaziangalia na kumwangalia yeye. "Fundi, zimeng'atwa na nini hizi?" Alizichukua hivyohivyo akazipeleka Musoma kwa sonara mwingine. Tangu hapo huyu wa kwetu hakugusa tena fedha. Alianza kuziba ndoo na kutengeneza koroboi kwa makopo ya mafuta, kazi ambayo nyundo yoyote inaitosha, na somo la ufundi shuleni kwetu likageuka kilimo cha mtama kama masomo mengine.

Sitaki kuhesabiwa miongoni mwa wanaoicheka miaka ile wakiwa wameshiba. Mke wa yule mzee wa koleo nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe katika darasa la watu wazima, na siku aliposoma jina lake nililia. Nilikuwa naamini, na sehemu kubwa ya niliyoyaamini bado nayaamini. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa hodari wa kugawa na wavivu wa kuuliza. Anayefanya kazi kwa mikono hakuulizwa kazi yake inakwendaje. Aliambiwa tu inapaswa kwendaje, na akishangaa anaitwa mbinafsi. Leo nenda Tarime, wilaya yenye dhahabu ardhini, umtafute kijana anayeweza kukukunjia pete. Wachimbaji wapo tele. Maharusi wananunua pete za bandia kwenye meza za mpakani Sirari, na kabla mwezi haujaisha kidole kimepata rangi ya kijani. Ufundi huhama kutoka mkono hadi mkono, na mkono ukifungwa miaka kumi tu, wa kuurithi hatokei. Tumeyasahau haya upesi mno, na tuna raha.

Pale matangani, baada ya dua, alisimama mzee mmoja aliyewahi kuwa kiongozi wa kijiji. Akasema marehemu alikuwa mzalendo, kwamba enzi za ujamaa alitoa zana zake zote kwa kijiji kwa moyo mkunjufu, na vijana waige mfano huo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengi hawakuwa wamezaliwa wakati huo, na waliokuwepo walikuwa wakitazama chini. Nilipoingia ndani kumpa pole mjane, nilikuta ameyasikia yote kupitia dirishani.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo," alisema. "Walichukua, akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Lakini alitoa lini? Kama alitoa, ule usiku aliolia humu ndani, mimi niliuota?"

Nilimjibu kwamba hakuota, basi. Nje waliendelea kumsifu. Kumpokonya mtu chombo cha kazi yake ni dhuluma, lakini dhuluma hiyo mwenyewe anaijua, na akipata pa kulalamikia atalalamika. Kumshukuru kwa ukarimu wake, akiwa kaburini asikoweza kukanusha, ni kumpokonya mara ya pili, na safari hii tunachukua hata ile haki ya kusema aliibiwa. Tulichokiharibu hatuwezi tena kukirudisha. Basi angalau tusiwashukuru tuliowapokonya.