Mlango wa Kulia

Fundi wa gereji iliyo jirani na duka langu la vitambaa hapa Sparkhill, Uingereza, hupiga hodi kila asubuhi kuomba kipande cha hariri. Hukitandaza kiganjani, hufumba macho, kisha hupapasa bodi ya gari polepole. "Mkono mtupu hauoni mabonde, Mama Samsam," huniambia. Miezi minane amepapasa gari moja tu, jekundu, la Marekani, lililoshindana mbio miaka ya hamsini, likapinduka, likasahaulika ghalani hadi mzee mmoja Mwingereza alipolinunua. Usukani wake uko kushoto. Fundi wetu, aliyejifunzia kazi Garissa, kila alipotaka kuliwasha alijitupa kiti cha kulia, mikono ikakamata hewa, naye akajifanya anakagua bawaba za mlango. Mimi na mzee tulimcheka mpaka akazoea. Tangu Ramadhani hajakosea hata mara moja.

Juzi injini ilinguruma hadi vioo vya duka langu vikalia. Mzee alifika, akalizunguka gari mara tatu bila kuligusa, kisha akamnyooshea fundi ufunguo. "Liendeshe wewe. Mikono yangu inatetemeka, nitaliharibu." Fundi aliupokea, akainama upande wa kushoto akauchomeka kando ya usukani, halafu akazunguka taratibu na kuingia kulia.

"Umekosea tena!" mzee akacheka.

"Ah, mazoea ya Garissa hayo," akasema fundi, huku akifunga mkanda. "Lakini nishakaa, mzee. Twende."