Mwenyekiti na Mdogo Wake

Mwenyekiti wa kituo cha watoto viziwi alizoea kusema kwa mikono hata na watu wanaosikia, na akikasirika vidole vyake vilitangulia maneno. Mshauri aliyewaandaa kuomba ruzuku ya serikali alimweleza waziwazi kwamba kamati yenye ndugu wawili haitapita. Basi akamwendea mdogo wake, mweka hazina tangu kituo kianze, akamkuta anaosha vikombe vya watoto.

“Mdogo wangu, itabidi uwapishe wengine.”

“Kwani nimekosa nini, dada?”

Mwenyekiti akajibu kwa mikono tu: hujakosa kitu.

Ruzuku ikatoka, madarasa yakajengwa. Siku ya ufunguzi mdogo wake alipanga foleni na wageni, akampa mkono kwa adabu. “Hongera, mheshimiwa mwenyekiti.” Mwenyekiti akaung'ang'ania ule mkono, akisubiri kuitwa dada, mpaka mgeni wa nyuma akakohoa.