Angalia Tone, Si Sura

Alhamisi nilienda kituo cha afya hapa Gisenyi kupimwa malaria. Kwenye maabara nilimkuta msichana wa Bugeshi aliyepewa asubuhi moja ya kujaribu kazi. Saa sita lazima aandike kwenye fomu ya shule: maabara au uuguzi, na hakuna kubadilisha.

"Mama anataka maabara," aliniambia. "Eti pale mugonjwa hawezi kukutukana."

"We chagua tu," nikajigamba. "Mi hata unitoboe na musumari, silii."

Fundi wa maabara akanichoma kidole. "Mutoto, angalia tone."

Msichana akaangalia uso wangu. Nilikuwa nimefumba macho, jasho linanitoka.

"Pole, kaka. Pumua. Imeisha."

"Tone, mutoto! Si sura!"

"Bon, sawa, naangalia," akajibu, lakini mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na tone likadondoka sakafuni.

Fundi akanichoma tena. Kisha akamsogezea kalamu na ile fomu.

Mimi shule niliiacha mapema, na bado najiuliza fomu ingeuliza jambo lile, la mkono begani, kwa swali gani. Aliandika uuguzi, halafu akanong'ona, "Sasa mama nitamwambia nini?"

Nikamwambia anitume mimi. Kwa wamama wa Bugeshi sijawahi kushindwa.