Giligilani ya Iwawa Hungoja Agosti

Siku yangu ya kwanza kazini Iwawa nilishuka kwenye basi na viatu vya wazi, kama mtu aendaye harusini. Mimi mtoto wa Lyamkena, pale Makambako, nilijiona baridi naijua. Bosi wangu, Afisa Kilimo wa Wilaya, aliitazama miguu yangu akasema, "Pole, bibi shamba. Kwanza jifunze kuvaa, ndipo ufundishe watu kupanda."

Enzi hizo giligilani, yale majani ya kunukia ya kachumbari, ilikuwa ngeni kule. Tulizipasua punje, maana kila moja hubeba mbegu mbili, tukaziloweka, tukazifukia juujuu. Kazi ilikuwa kujua wakati. Juni na Julai umande huganda, na baridi hutuama bondeni kwenye vinyungu, yale matuta ya kiangazi tunayolima penye unyevu. Mche mchanga huungua. Ukichelewa sana nako, jua la Oktoba hulifanya jani likimbilie maua. Basi wimbo wangu ukawa mmoja: mwisho wa Agosti.

Mama Neema, mjane, alinisikiliza akatikisa kichwa. "Mwanangu, Agosti kinyungu si changu tena."

Kwenye ukoo wao, kinyungu kisicho na mmea mpaka Julai iishe hupewa ndugu mwingine. Shemeji yake alishaanza kupita kila Jumapili baada ya ibada, akichungulia.

Nikampelekea bosi habari hiyo. "Wewe shughulika na mbegu," akasema. "Ya ukoo waachie wenyewe."

Nilikasirika, na hata leo nikikumbuka nakasirika. Mbegu inapandwa hewani?

Nikarudi bondeni. "Mama, panda vitunguu saumu sasa hivi, Mei hii. Saumu haiogopi baridi. Acha nafasi kati ya mistari, giligilani itaingia Agosti."

Julai shemeji akakuta matuta ya kijani. "Umepanda nini?"

"Saumu, shemeji. Ikikomaa karibu uchukue ya mboga."

Akaenda zake. Agosti ilipoisha tukasia giligilani katikati, ikatoka nzito, tukaipakia kwenda sokoni, na basi la Makambako likanukia njia nzima. Nayakumbuka mabasi yale, jamani.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kilimo wanaangalia baridi kwenye simu, heri yao. Siku ya kuniaga walisifu semina zangu, nikashukuru. Lakini nenda Iwawa leo, uulize kile kinyungu ni cha nani. Hutatajiwa marehemu mume, wala shemeji. Utaambiwa, "Cha Mama Neema."