Chupa ya Daktari Haikurudi Tupu

Juzi hospitalini hapa Moshi, bibi mmoja aliyeshuka mlimani kwa miguu alimkabidhi daktari wa Kizungu chupa kwa mikono miwili. Ilijaa maziwa.

Daktari huyo huchunguza mifupa ya wanawake waliougua saratani ya titi. Alikuwa amempa bibi chupa hiyo akusanye mkojo wa kutwa kucha, ili daktari apime kama mifupa yake inapoteza madini ya chokaa.

Daktari akamgeukia mkalimani wake. "Ulimwambia nini?"

"Ailete ikiwa imejaa."

"Imejaa nini?"

Mkalimani akakuna kisogo. "Bwana Daktari, huyu ni kama mama mkwe wangu. Nitamtamkiaje neno mkojo?"

Bibi akaona nyuso zimekunjamana. "Hayatoshi? Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu."

Jamani, adabu gani hii! Mkalimani kalinda ulimi wake, bibi wa watu apande tena mlima, mkono kiunoni, akaanze upya. Na hata hapo hakuna aliyemwambia akajaze nini.

Mimi niliyekuwa kwenye foleni nikisikia yote, nikamfuata getini, nikalitamka neno lenyewe: mkojo.

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hilo tu? Nimelea watoto saba, mwanangu. Mkojo utanitisha mimi?"