Mlevi wa Togwa

Wakazi wote wa Mtawanya, pamoja na ndugu zetu wa Ruaruke ambao habari huwafikia zikiwa zimeshapoa, mnatangaziwa kwa masikitiko makubwa kwamba Mzee Mfaume Kondo, mlevi wetu mkuu kwa miaka thelathini na saba, hajagusa tone la tembo tangu Mfungo Sita. Kijiji kimepata pigo. Hakuna aliyejitokeza kushika nafasi yake, ingawa wenye sifa wapo na wanajijua.

Siri ilifichuka Jumamosi asubuhi, mikononi mwa binti yake mwenyewe, Zabibu, aliyekuja kutoka Mbagala na begi tupu la kutilia nguo za babake. Habari zilikuwa zimemfika: mzee ana miaka sabini na moja, ana presha, na tangu afiwe na mkewe Ashura mwaka jana, kila jioni hutoka kilabuni kwa da Biasha akipepesuka, anaimba, analia, anamtukana mwenyekiti wa kijiji kwa jina na ukoo. Ijumaa jioni Zabibu alimshuhudia kwa macho yake akikumbatia mkorosho na kuuomba radhi.

"Leo saa nane tunaondoka, baba," alisema. "Chumba nimeshakupangia."

Mzee alikijua chumba hicho. Kina dirisha moja, linatazama ukuta wa choo cha jirani. Hapa ana shamba lake, ana kaburi la mkewe nyuma ya nyumba, na ana watu wa kuwatukana.

Zabibu akamwita Nesi Shamsia wa zahanati, ampe mzee dawa za njiani na kumtia hofu kidogo. Nesi akamfunga ile mashine mkononi, akaisoma.

"Presha imetulia. Tangu aache pombe anaendelea vizuri. Shida yake ni usingizi tu, anasema usiku nyumba imekuwa kimya mno."

"Aache pombe nani? Jana kaomba radhi mkorosho."

Tukamgeukia mzee. Tukamgeukia wote, maana majirani tulikuwa tumeshafika kumuaga, na kuaga kwetu huanza mapema ili mtu asipitwe na neno. Da Biasha alikuwepo pia, anachunguza kucha zake.

"Da Biasha, baba yangu unampa nini?"

"Togwa. La mchele, halilevyi. Analitaka kwenye kibuyu kilekile, na kanikataza nisiseme."

"Na kupepesuka?"

"Huko anakuja nako mwenyewe. Mie siuzi."

Zabibu akakaa kwenye mkeka. "Baba. Ulikuwa unajifanya?"

"Nilijaribu nikiwa na akili zangu," mzee akasema. "Nilikaa na hawa kibarazani msikitini, nikaanza kumzungumza mama yako. Abdulswamadu huyu hapa akaniambia nisubiri, Mungu yupo, halafu akaniuliza mikorosho yangu imechanua. Nikaenda kwa jirani Fikirini. Subira, na mikorosho. Ila mlevi hawamkatishi. Wanamwacha aseme mpaka amalize."

Abdulswamadu akajikuna shingo. Tumtendee haki: mwaka ule mikorosho ilichanua kupita kiasi, na mtu yeyote angeuliza.

Zabibu akalitazama begi, akalikunja mara mbili, akalikalia.

"Basi huendi popote. Lakini na mie nataka kusikia. Mzungumzie mama hapahapa, bila kibuyu, bila kupepesuka. Hakuna wa kukukatisha."

Tukasogea karibu. Abdulswamadu alikuwa na swali, tukamfinya. Da Biasha alishika ncha ya kanga, tayari kufuta machozi. Nesi Shamsia, ambaye ana wagonjwa wengine, akavuta kigoda. Mzee Mfaume akakohoa, akautazama mlango wa chumba alicholala na Ashura miaka yote ile, akafungua kinywa.

"Alikuwa anakoroma," akasema.